Ukaazi Unaofuata Amri ya Jeshi: Masharti ya Uraia wa Tajinisi kwa Wenza wa Kigeni wa Wanajeshi wa Marekani

1.0 Utangulizi

Sheria za uraia humtaka mwombaji aeleze ameishi wapi na kwa muda gani. Kwa mwenza wa mwanajeshi, maelezo hayo ni magumu kuyatoa, kwa kuwa mahali pake pa kuishi huamuliwa na jeshi. Makala haya yanafafanua jinsi Sheria ya Uhamiaji na Uraia ya Marekani ya mwaka 1952, pamoja na marekebisho yake, inavyolishughulikia suala hilo kwa mgeni aliyefunga ndoa na mwanajeshi ambaye ni raia wa Marekani. Hoja kuu ni kwamba marekebisho ya mwaka 2008 yaliondoa adhabu ya kuishi nje ya nchi, lakini yaliifungamanisha haki ya mwenza na hati asiyokuwa na mamlaka nayo, yaani amri ya uhamisho ya mwanajeshi.

2.0 Kanuni ya Jumla

Kifungu cha 316 kinamtaka mkaazi wa kudumu awe ameishi Marekani mfululizo kwa miaka 5, na awe amekuwapo nchini kwa jumla ya miezi 30 angalau. Kifungu cha 319(a) kinampunguzia mwenza wa raia masharti hayo: miaka 3 ya ukaazi wa kudumu akiishi katika ndoa na raia huyo, miezi 18 ya kuwapo nchini, na miezi 3 katika jimbo au wilaya anamoombea.

Dhana mbili zinapaswa kutenganishwa hapa. Ukaazi endelevu unahusu maskani yasiyokatika. Uwepo wa kimwili unahusu hesabu ya siku. Safari ya zaidi ya miezi 6 lakini isiyofika mwaka huchukuliwa kuwa imekata ukaazi, isipokuwa mwombaji athibitishe vinginevyo. Safari ya mwaka mzima au zaidi huukata. Kwa kanuni hizi pekee, mwenza aliyemfuata mwanajeshi katika kambi ya Ujerumani au Japani kwa miaka 3 angerudi akiwa hana siku za kuhesabiwa, ingawa hakuondoka kwa ajili ya mambo yake binafsi.

3.0 Nafuu kwa Wenza wa Wanajeshi

Nafuu ya kwanza imo katika kifungu cha 319(b). Mwenza wa raia aliyepangiwa kazi nje ya nchi hatakiwi kutimiza kipindi chochote cha ukaazi. Hata hivyo, lazima awe mkaazi wa kudumu, akusudie kuishi na mwenzake huko nje, na akusudie kurejea kuishi Marekani mara kazi hiyo itakapokwisha.

Nafuu ya pili ni kifungu cha 319(e), kilichoongezwa na Sheria ya Idhini ya Ulinzi wa Taifa ya mwaka wa fedha 2008, iliyotiwa saini Januari 28, 2008. Kifungu hiki hakifuti muda unaotakiwa, bali hubadili namna ya kuuhesabu: siku ambazo mwenza ameishi nje pamoja na mwanajeshi huhesabiwa kuwa ni siku za Marekani. Aidha, sheria hiyo iliruhusu usaili na kiapo kufanyika ng'ambo.

Nafuu ya tatu, katika kifungu cha 319(d), inamhusu mjane au mgane wa raia aliyefariki akiwa katika utumishi wa heshima jeshini. Iwapo waliishi pamoja katika ndoa hadi kifo hicho, aliyebaki hadaiwi muda wa ukaazi wala wa uwepo.

4.0 Uzito wa Hati

Siku za ng'ambo hukubaliwa chini ya kifungu cha 319(e) pale tu amri rasmi ya mwanajeshi inapomruhusu mwenza kuandamana naye na kuishi naye huko. Athari yake huonekana familia inapotengana. Kanuni zinatambua kuwa utengano usio wa hiari unaotokana na utumishi wa kijeshi hauvunji maisha ya ndoa. Lakini ulinzi huo unaihusu ndoa, hauzihusu siku. Mwenza anayerudi Mombasa kukaa na wazazi wake wakati mwanajeshi yuko vitani hubaki katika ndoa kisheria, huku siku zake za Mombasa zikikosa thamani katika maombi yake.

Vilevile, talaka inayotolewa kabla ya kiapo huifunga njia ya 319(a) na ya 319(b). Kwa Mtanzania, kiapo chenyewe kina gharama nyingine: Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 haimruhusu mtu mzima kubaki na uraia wake baada ya kupata mwingine kwa hiari. Mkenya wa kuzaliwa amelindwa na Katiba ya mwaka 2010.

5.0 Hitimisho

Sheria ya Marekani imekubali kwamba ukaazi wa mwenza wa mwanajeshi hauwezi kupimwa kwa ardhi pekee. Kipimo kilichoongezwa, hata hivyo, hakikuwekwa mikononi mwa mwombaji. Wenza wawili wenye ndoa za umri mmoja na nia moja wanaweza kupata matokeo tofauti kwa sababu mmoja ametajwa katika amri ya uhamisho na mwingine hakutajwa. Kwa hiyo, uchambuzi wa haki za wenza hawa hauwezi kuishia katika sheria ya uraia; hauna budi kuingia pia katika taratibu za kijeshi zinazoamua nani anaruhusiwa kuandamana na nani.