Missouri: Jimbo la Wawindaji Ambako Wanyama Walirudi

Msomaji wa Uvira akiambiwa kwamba wawindaji wa Missouri, jimbo la katikati ya Marekani, huua ayala zaidi ya laki mbili kila mwaka, atadhani pori la huko linakaribia kuwa tupu. Hali ni kinyume. Jimbo hilo la watu kama milioni sita lina ayala wa mkia mweupe wanaozidi milioni moja, wakati mwaka 1925 walikadiriwa kuwa 400 tu. Bata mzinga wa porini nao walikuwa wamebaki vikundi vichache, hasa katika vilima vya Ozark upande wa kusini. Hoja yangu ni kwamba walirudi kwa sababu nyama yao iliondolewa sokoni, na fedha za wawindaji zikawekwa mahali ambapo mkono wa mwanasiasa haufiki.

Mwishoni mwa karne ya 19 treni zilipeleka nyama ya pori kwenye miji mikubwa, na aliyeua wanyama wengi ndiye aliyepata pesa nyingi. Mwaka 1900 Sheria ya Lacey ilikataza kuvusha kutoka jimbo moja hadi jingine wanyama waliouawa kinyume cha sheria. Hatua kubwa zaidi ilikuja Novemba 1936, wapiga kura wa Missouri walipoandika ndani ya katiba yao tume ya watu wanne, wasiozidi wawili wa chama kimoja, na kuamua kwamba ada za vibali zitumike kwa ajili ya wanyama na misitu peke yake. Mwaka 1937 sheria ya nchi nzima ilielekeza kodi ya bunduki ndefu na risasi kwa kazi hiyohiyo. Mwaka 1976 wananchi wa Missouri walikubali hata kodi ya senti moja kwa kila dola nane za manunuzi, wakiwemo wasiowinda kabisa.

Fedha peke yake hazikutosha. Kwa miaka mingi bata mzinga waliofugwa waliachiwa porini wakafa, kwa kuwa hawakujua kuishi huko. Tangu 1954 walinaswa wale wa porini halisi, hasa katika eneo la Peck Ranch, wakahamishiwa wilaya nyingine, na uwindaji ukafunguliwa tena mwaka 1960. Leo mwindaji huingia porini Aprili kabla ya jua kuchomoza, akiiga sauti ya jike ili dume limfuate. Msimu huo kwa kawaida haruhusiwi kupiga jike. Novemba, msimu wa ayala kwa bunduki, huvaa rangi ya machungwa ili mwenzake asimpige kwa makosa. Jioni ileile lazima aripoti alichoua. Anaweza kuigawa nyama, na tangu 1992 upo mpango wa kuwapa wenye njaa, ila hawezi kuiuza.

Mtu atasema: hao wa Missouri ni matajiri. Lakini kura ya 1936 ilipigwa katikati ya dhiki kuu ya uchumi. Tena, kwetu Kongo nyama ya pori ikishapanda pikipiki kwenda mjini, anayeila ni mwenye pesa. Mtoto wa kijijini alikotoka mnyama hubaki na sombe. Pingamizi zito zaidi ni la ardhi. Waosage, wenyeji wa asili wa Missouri, walipokonywa nchi hiyo kwa mikataba, ukiwemo ule wa 1808, na hilo halisafishwi na wingi wa ayala. Kwetu tumeona mfano wake: Hifadhi ya Itombwe ilitangazwa mwaka 2006 bila wenyeji kuulizwa, ikabidi wakae na kuchora mipaka pamoja, hadi kilomita za mraba 5,732 zikakubaliwa mwaka 2016.

Na vita vya kwetu? Hakuna askari wa wanyama atakayemdai kibali mtu mwenye bunduki ya kivita, na sheria yetu ya uwindaji ya 1982 imeteseka kwa hilo. Hata hivyo, kujizuia kwa msimu si jambo geni kwetu: wavuvi wa Kalundu, bandari ya Uvira, wanajua miezi ambayo Ziwa Tanganyika hufungwa ili mikeke na ndagala wazaliane, na wanajua pia uchungu wa nyumba isiyopewa msaada wakati huo. Itombwe ikitaka kufuata njia ya Missouri, ianze kwa kumtenganisha anayetega ndezi kwa chakula cha nyumbani na mfanyabiashara anayejaza magunia ya nyama kavu kwa soko la mjini, na ada yoyote itakayotozwa isimamiwe na wanakijiji wa Itombwe wenyewe, mbele ya macho ya wote.