Risasi Katika Waya wa Fundi

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumbani, leo tunaanzia katika lupango moja hapa Panda.

Baba mmoja wa kazi ya elektrolizi alimleta mtoto wake kwenye dispansere. Kijana ana miaka 17, anatengeneza redio na simu za watu nyumbani kwao. Alisema kifua kinambana kila jioni, lakini siku ya Mungu, akipumzika, kinafunguka. Sikuridhika na maneno tu, nikaenda kuona. Alikuwa ameshika chuma cha moto mkono wa kuume, simu mkono wa kushoto, na waya wa kulehemu ameubana kwa meno, maana mkono wa tatu hana. Chini ya meza dada yake mdogo alikuwa anachezea vipande vilivyoanguka.

Waya ule mafundi wetu wanauita etani, yaani bati. Jina hilo linadanganya. Tazama karatasi iliyobandikwa juu ya kibobini chake. Ukiona 60/40, namba ya kwanza ni bati na ya pili ni risasi. Katika kilo moja ya waya ule mna gramu 400 za risasi. Ukiona 63/37, ni hivyo hivyo, risasi imepungua kidogo tu. Ndicho kitu kijana yule alichokuwa anakitia kinywani kutwa nzima.

Nilipomweleza baba, aliniuliza: "Lakini munganga, si Wazungu walikwisha kataza risasi katika simu?"

Hakukosea. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2003, ikaanza kufuatwa tarehe 1 Julai 2006. Ilizuia vitu sita katika vyombo vya umeme: risasi, zebaki, kadmiumu, kromu ya aina ile kali, na dawa mbili za bromi zinazotiwa katika plastiki isishike moto upesi. Tangu 2019 vimeongezwa vinne vya kulainisha plastiki. Risasi isipite sehemu 1 katika 1,000 ya uzito, na kadmiumu isipite sehemu 1 katika 10,000. Zipo sehemu kadhaa zilizosamehewa. Hata hivyo makampuni makubwa yalibadilisha waya wao, kwa sababu hakuna mtu anayetaka kutengeneza simu asiyoweza kuiuza Ulaya.

Sasa sikiliza vizuri. Kanuni ile inachunguza kitu kilichomo ndani ya chombo kinapouzwa. Wanapima simu, na simu ikiwa safi inapita. Pumzi ya mtu aliyeiunganisha haimo katika kipimo kile.

Chukua waya mpya usio na risasi. Ule unaotumiwa sana una bati 96.5 kwa mia, fedha 3, na shaba nusu moja. (Ndiyo, shaba yetu imo hata humo.) Mfanyakazi wa usini amepata faida kubwa, maana risasi haipandi sana katika moshi wa chuma cha kulehemu, inapita katika vidole, chakula na sigara. Ikitoka katika waya, ugonjwa wa njia ile unatoka nao. Lakini waya wa zamani uliyeyuka kwenye joto la digri karibu 183, na huu mpya unataka karibu 217, kwa hiyo chuma kinatiwa moto zaidi. Tena ndani ya waya mna ulimbo wa mti wa msonobari, unaosaidia waya kushika. Ulimbo ukiungua unatoa moshi mweupe, na moshi ule ni sababu ya pumu inayojulikana sana kwa watu wa kazi hiyo. Mtu aliyekwisha kupata pumu ya namna ile, moshi kidogo tu unatosha kumrudisha kitandani. Kanuni ya 2006 haikuugusa.

Iko habari nyingine, ya mji wa Suzhou, China. Mwaka 2009, katika usini ya Wintek iliyotengeneza vioo vya simu za Apple, wafanyakazi walikuwa wanapangusa vioo kwa heksani. Zamani walitumia alkoholi, lakini heksani inakauka upesi zaidi, na kazi inakwenda mbio. Heksani inaharibu mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Watu walianza kwa ganzi, kisha wakashindwa kutembea vizuri. Walioumwa walikuwa 137. Apple yenyewe ilikiri hesabu hiyo mwaka 2011, na mwaka 2014 ikakataza heksani katika hatua ya mwisho ya kuunganisha simu zake. Heksani ilikuwa inakauka hewani, haibaki katika kioo. Ungeipima simu ile kwa kanuni ya Ulaya, ungeikuta haina kosa.

Kwa nini ninakueleza mambo ya China, wewe unayeshuka kazini Shituru? Kwa sababu kobalti yetu ndiyo inayokwenda katika betri za simu zile, na katika vile vitu kumi vya kanuni ya Ulaya, kobalti haimo. Mnunuzi anauliza usafi wa madini, anataka karatasi ya maabara, anapima hata uchafu mdogo kabisa. Vumbi iliyoko katika salopeti yako haiulizi.

Nayo imepimwa na wengine. Waalimu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitoa utafiti wao mwaka 2009. Walipima mkojo wa watu wa Katanga. Walioishi karibu na machimbo na mausini walikuwa na kobalti nyingi kupita walioishi mbali, na watoto walionyesha nyingi zaidi. Watoto wale hawakuwa watu wa machimbo. Mtoto anakaa chini, anashika udongo, anatia mkono kinywani. Kobalti inaweza kuleta pumu na mwasho wa ngozi, nayo ikiwa nyingi mwilini inagusa moyo na rovu ya shingoni. Basi mama, salopeti ya baba usiikung'ute mlangoni ikiwa kavu. Iloweshe kwanza, uifue peke yake, na maji yale usiyamwage pale watoto wanapocheza. Na wewe baba, kama kazini kuna bafu, oga kule kule na uache mabote kule. Najua maji yanakatika, na najua basi halingoji. Angalau mikono na uso, kabla ya kumbeba mtoto.

Nirudi kwa kijana wetu. Simu mpya inayoingia mkononi mwake labda haina risasi, lakini redio ya kabla ya 2006 inayo, na waya anaonunua sokoni unayo. Kwa hiyo kanuni ya Ulaya ilipita juu ya kichwa chake. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiasi cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Risasi inapunguza akili ya mtoto pole pole, bila homa wala kikohozi, na mzazi anadhani mtoto ni mvivu wa masomo. Ndiyo maana, kusema kweli, nilimwogopea zaidi yule mdogo wa chini ya meza.

Nilimwomba mambo machache. Waya usiguse kinywa tena, atafute kibanio. Meza itoke barazani, ikae nje upande ambao upepo unachukua moshi mbali na uso wake, na mbali na mbabula ya mama. Asile bukari wala kuvuta sigara pale pale. Akimaliza, anawe kwa sabuni, apanguse meza kwa kitambaa kibichi. Asifagie kwa ufagio mkavu, maana vumbi itaruka. Vipande vikae ndani ya kopo lenye mfuniko. Na betri ya gari asiipasue kamwe kutafuta risasi yake. Huko Mombasa, katika kijiji cha Owino Uhuru, usini ya kuyeyusha betri za namna hiyo ilitia sumu watu wazima na watoto, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakaaji walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Kesi iliendelea miaka mingine baada ya hapo.

Baba aliuliza kama tunaweza kupima risasi katika damu ya binti. Kipimo kile hakifanyiki katika dispansere yetu, inabidi kutuma damu mbali. Nimeandika barua ya kumwombea.

Juma lililopita nilipita tena pale. Meza iko nje chini ya mwembe, na waya anaubana kwa kibanio cha kuanikia nguo alichokipigilia ubaoni. Kifua kimepungua kumbana, isipokuwa mvua ikinyesha anarudi ndani. Nimemwambia mvua ikinyesha asilehemu. Amejibu kwamba watu wanataka simu zao.