Je, Wajua? Uzi mmoja wa besi hutoa wimbi la mita 11

Uzi mnene kuliko wote kwenye gitaa la besi la nyuzi tano, ukipigwa wazi, hutetemeka mara 31 hivi kwa sekunde. Wimbi lake hewani lina urefu wa mita 11. Upande wa chini, sikio la binadamu hukoma karibu na mitetemo 20 kwa sekunde, kwa hiyo nota hiyo iko karibu na ukingo.

Kwa hiyo fundi akikukabidhi besi uliyoiagiza, rangi iache kwanza. Bana uzi huo kwenye freti ya tano, kisha piga uzi wa nne ukiwa wazi. Nota ni ileile. Zirudie kwa zamu. Ile ya uzi mnene ikisikika kama imefunikwa blanketi, kazi haijaisha, hata gitaa ling'ae vipi.

Dawa moja ya mafundi ni kurefusha uzi: kutoka inchi 34, kipimo cha besi ya Fender Precision ya 1951, hadi 35. Inchi moja tu! Uzi hukaza zaidi kwa nota ileile. Wenye vidole vifupi ndio watakaolalamika.

Fender walitoa Bass V, yenye nyuzi tano, mwaka 1965. Ajabu, uzi ulioongezwa ulikuwa mwembamba, wa sauti ya juu. Freti nazo zilikuwa 15 tu.

Na mbao je? Warwick, watengenezaji wa besi wa Ujerumani, wametengeneza shingo nyingi kwa wenge, mbao ngumu ya kahawia iliyokoza. Mti wake huota katika misitu ya Kongo.