Kompyuta Imekwama Katikati ya Malipo: Je, Kuizima kwa Nguvu Kuna Madhara?

Ni saa kumi na mbili jioni, mwisho wa mwezi. Una duka la hadiwea na unamlipa sapulaya wako Sh28,400 kwa kutumia kompyuta ya dukani. Umeweka kiasi, umebonyeza "Tuma", kisha kile kiduara kikaanza kuzunguka. Kikazunguka tena. Kishale hakisongi. Wateja wawili wamesimama kwa kaunta wanakuangalia, na kidole chako tayari kiko juu ya kitufe cha kuwashia.

Hapo ndipo wengi hukishikilia mpaka skrini iwe nyeusi. Baadaye maswali yanaanza. Nimeharibu mashine? Nimepoteza mauzo ya leo? Na zile pesa, zimeenda ama hazijaenda?

Hayo ni maswali matatu tofauti na kila moja lina jibu lake. Tuyachukue moja moja.

Je, mashine yenyewe inaharibika?

Kwa kawaida, hapana. Ukishikilia kitufe kwa sekunde nne au zaidi, kompyuta nyingi hujikata umeme bila kuuliza programu yoyote ruhusa. Watengenezaji waliiweka njia hiyo makusudi kwa ajili ya siku ambayo mfumo umekwama kabisa. Kuitumia mara moja hakuchomi bodi wala prosesa.

Wazee wa kazi wanaweza kukuambia vingine, na wana sababu. Miaka ya 1980, kwa diski ngumu nyingi ilibidi mtumiaji atoe amri ya kuegesha kichwa cha kusomea kabla ya kuzima. Diski za siku hizi hujiegesha zenyewe. Sahani zake huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa huelea juu yake kwa nafasi ndogo mno kuliko unene wa unywele. Umeme ukikatika, diski hutumia nguvu ya mzunguko uliobaki kukivuta kichwa kando.

Lakini hiyo ni breki ya dharura. Dereva wa matatu akifunga breki ghafla mara moja, gari halivunjiki. Akifanya hivyo kila steji kutoka Githurai hadi tao, atamwona fundi mapema. Kwa hivyo shida si kuzima kwa nguvu siku moja. Shida ni kuifanya kuwa tabia ya kufunga duka kila jioni.

Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, lakini nazo zina udhaifu wao. Ndani yake kuna ramani inayoonyesha kila kipande cha data kiko wapi. Ukikata umeme wakati ramani hiyo inaandikwa, inaweza kuvurugika. Ndiyo maana diski nyingi za seva huwekewa vihifadhi umeme vidogo ili zimalize kuandika hata stima ikipotea. SSD nyingi za laptopu ya kawaida hazina kinga kamili ya aina hiyo.

Je, kazi yangu inapotea?

Hapa ndipo kuna hasara ya kweli.

Unapoandika kitu, kompyuta hukiweka kwanza kwenye kumbukumbu ya muda, yaani RAM, kisha hukihamishia kwa diski baadaye. Ni kama mama mboga anayeweka hesabu kichwani akingoja wateja wapungue ndipo aandike kitabuni. Akivurugwa ghafla, yaliyo kitabuni yako salama. Yaliyokuwa kichwani yamekwenda.

Kibaya zaidi ni kile kilichoandikwa nusu. Faili ya mauzo inaweza kufunguka ikiwa na sehemu ya jana na sehemu ya leo, ama ikatae kufunguka kabisa. Mifumo ya kisasa imejaribu kupunguza hatari hii. Windows, kwa mfano, hutumia mpangilio wa faili uitwao NTFS, ulioanza 1993. Kabla ya kubadilisha mpangilio wa diski, mfumo huu huandika kwanza kwenye daftari la pembeni kile unachotaka kufanya. Ukikatizwa, husoma lile daftari ukiwaka tena na kurekebisha mambo. Lakini elewa vizuri: unalinda mpangilio wa diski. Zile laini kumi za mauzo ambazo hukuwa umesevu, hauwezi kuzirudisha.

Flashi nyingi hazina hata hilo daftari, kwa sababu hutumia FAT32 au exFAT. Usizime kompyuta kwa nguvu wakati unanakili faili kwenda au kutoka kwa flashi, hasa kama ndiyo nakala yako pekee ya hesabu za mwaka.

Kama unaweka hesabu kwa Excel, kuna afueni kidogo. Kwa kawaida programu hiyo huweka nakala ya dharura kila baada ya dakika 10. Kwa duka lenye shughuli, dakika 10 ni mauzo mengi. Zoea kubonyeza Ctrl na S baada ya kila mteja.

Kuna nyakati mbili ambazo hufai kugusa hicho kitufe kabisa: Windows inapojisasisha na kukuandikia usizime kompyuta, na fundi anaposasisha BIOS. Ukikata umeme katikati ya BIOS, mashine inaweza kukataa kuwaka.

Je, pesa zimeenda?

Sasa tufike kwa lile swali linalokunyima usingizi.

Muamala wako haufanyiki ndani ya kompyuta yako. Wala haufanyiki ndani ya simu. Hivyo ni madirisha tu. Ukiweka PIN na kubonyeza tuma, ombi husafiri hadi kwenye seva, na huko kuna kanuni moja kubwa: yote au hakuna. Pesa kutoka kwako na pesa kuingia kwa mwenzako huhesabiwa kama tendo moja. Likikatika katikati, lote hufutwa. Kanuni hii ina historia ndefu katika taaluma ya kompyuta. Jim Gray, mmoja wa walioijenga, alipewa Tuzo ya Turing mwaka 1998 kwa kazi yake ya hifadhidata na miamala.

Kwa hivyo kompyuta ikizimwa, kuna mambo mawili tu:

- Ombi halikuwa limeondoka. Hakuna kilichofanyika, na salio lako liko vile lilivyokuwa.
- Ombi lilikuwa limefika. Muamala unaendelea bila wewe. Jibu ndilo ambalo hukuliona.

Tafadhali shika hili: kuzima kifaa hakufuti muamala. Simu ikizimwa, SMS ya uthibitisho hungoja kwa mtandao na kuingia ukiiwasha.

Kosa la gharama hutokea dakika tano baadaye. Kompyuta imewaka, hujaona ujumbe, sapulaya anapiga simu, unalipa tena. Kwa mfumo, hayo ni malipo mapya halali. Sh28,400 zimekuwa Sh56,800, na sasa unaanza kuomba kurudishiwa. Kama mpokeaji ameshazitoa ama kuzitumia, kuzipata inakuwa kazi ngumu.

Angalia salio na taarifa ya miamala kwanza. Kama salio limepungua kwa kiasi hicho pamoja na ada, imeenda. Kama bado hueleweki, ngoja, kisha wasiliana na huduma kwa wateja ukiwa na kiasi, saa na namba uliyokuwa unalipa. Usirudie malipo kwa kubahatisha.

Kwa anayepokea pesa, kuna upande wa pili. Mteja anaweza kuwa amelipa kwa till lakini kompyuta ikazimika kabla mauzo hayajaandikwa. Pesa zipo, ila kitabu hakijui. Kila jioni linganisha taarifa ya till na kitabu cha mauzo, hasa siku ambayo mashine imesumbua.

Mtu akikupigia akuambie uzime simu

Kuna kuzima ambako hatari yake haina uhusiano wowote na mashine. Mtu anapiga, anajiita wa huduma kwa wateja, anasema kuna marekebisho ya mtandao na uzime simu kwa saa moja. Simu ikiwa imezimwa, huoni ujumbe wa kwamba laini yako inahamishwa kwa kadi nyingine. Ukipewa maagizo kama hayo, usizime. Kata simu, kisha piga namba rasmi wewe mwenyewe. Na laini yako ikipoteza mtandao ghafla ilhali za wenzako zinafanya kazi, usingoje kesho.

Kabla hujashikilia kitufe

1. Ngoja dakika chache. Kama taa ya diski inamemeta, bado kuna kazi inaendelea.
2. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzima, mashine iko hai, programu ndiyo imekwama.
3. Kwa Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufunge ile programu iliyokwama peke yake. Kwa Mac, ni Command, Option na Esc.
4. Jaribu kuzima kwa njia ya kawaida: Ctrl, Alt na Delete, kisha alama ya kuzima.
5. Hakuna kilichosaidia? Shikilia kitufe, hesabu hadi kumi, uachilie. Ngoja kidogo kabla ya kuwasha.
6. Ikiwaka, acha ikague diski kama inataka. Usiikatize.
7. Angalia salio kabla ya kulipa chochote.

Kama stima hupotea mara kwa mara mtaani kwenu, laptopu yenye betri nzuri itakusaidia. Kwa kompyuta ya mezani, nunua UPS. Dakika chache inazokupa zinatosha kusevu na kuzima vizuri.

Kuna mtu unayemjua ambaye huzima kompyuta ya duka kwa kuchomoa waya ukutani? Mtumie makala haya leo.