Biashara ndogo inahitaji jicho la pili



Siku ya Jumapili tukitazama viti vya kanisa, tunaona wafanyabiashara: mama wa mafuta ya mawese, fundi wa cherehani, baba mwenye kibanda cha dawa, kijana anayeuza inite za simu. Biashara hizo ndogo ndizo zinalipa masomo ya watoto, matibabu, kodi ya nyumba na sadaka. Moja ikianguka, nyumba nzima inatikisika. Mara nyingi habari hutufikia sisi watumishi wakati kila kitu kimekwisha, deni limebaki na mume na mke hawasemezani. Tukiuliza, "Ulishauriana na nani kabla ya kukopa?" jibu ni lile lile: "Sikuuliza mtu."

Sababu tunazijua. Tunaogopa kijicho, tunaogopa mwenzetu ataiga kazi yetu, na tunaona haya kuonyesha kwamba hesabu zimetushinda. Lakini kuficha ugonjwa hakuuponyi.

Tuchukue mfano, wenye bei za kukadiria tu. Mama ananunua bidoni 10 za mawese Beni kwa dola 18 kila moja, anaziuza Butembo, mwendo wa kilomita 54 hivi, kwa dola 21. Anasema, "Nimepata faida ya dola 30." Lakini usafiri umekula dola 10, kodi za njiani na sokoni dola 5. Faida ya kweli ni 15. Wiki hiyo hiyo amechukua dola 25 katika sanduku kwa chakula cha nyumbani. Kwa hiyo amekula dola 10 za mtaji. Wiki inayofuata ananunua bidoni chache zaidi, faida inapungua, lakini tumbo la nyumba halipungui. Kwa wiki 10, zaidi ya nusu ya mtaji imekwenda, na yeye kila siku anashika pesa mkononi na kudhani kazi inaendelea. Mtu wa pembeni akikaa naye nusu saa na daftari ataliona jambo hilo, kwa sababu si yeye anayesukumwa na njaa ya watoto.

Kupewa shauri na mtu aliyetangulia si jambo jipya kwetu. Kabla ya ukoloni, wazee wetu wa milimani walishuka hadi Katwe, ng'ambo ya mpaka wa leo, kubadilisha vyakula kwa chumvi. Aliyekwenda mara ya kwanza alifuata aliyeijua njia. Baadaye wafanyabiashara wa Butembo walifikisha maharage na mboga hadi Kisangani, kisha wakafika Dubai, Hong Kong na Guangzhou kutafuta bidhaa. Wengi walianza kama vijana wa dukani kwa mkubwa fulani, wakajifunza bei, wauzaji na uaminifu wa neno kabla ya kusimama wenyewe. Wengine waliungana kujaza kontena moja, kwa kuwa hakuna aliyeweza peke yake.

Jirani zetu wa Kenya wamelipima jambo hili. Katika mtaa wa Dandora, Nairobi, watafiti Wyatt Brooks, Kevin Donovan na Terence Johnson waliwafuatilia wanawake vijana wenye biashara ndogo, na matokeo yakatolewa 2018. Kundi moja lilipata mafunzo ya darasani. Kundi lingine liliunganishwa na wanawake wakubwa wa mtaa huo huo waliofanikiwa, wakaonana kila wiki kwa mwezi mmoja. Wa darasani hawakuonyesha ongezeko la faida. Waliopata mshauri, faida yao ilipanda kwa wastani wa asilimia 20 hivi. Sababu kubwa ilikuwa nyepesi: mshauri aliwaonyesha mahali pa kununua bidhaa kwa bei nafuu zaidi. Kitabu hakijui depo gani sokoni inauza nafuu leo. Mama aliyekaa pale miaka 20 anajua. Lakini uhusiano ulipokatika, faida nayo ilirudi chini polepole. Kwa hiyo mshauri si wa siku moja.

Biblia nayo inatuonyesha Musa katika Kutoka 18. Alikaa tangu asubuhi hadi jioni akiamua maneno ya watu, naye hakuona kwamba anajimaliza. Aliyeona ni Yethro, mkwe wake, kuhani wa Midiani, mgeni aliyekuja kuwatembelea. Musa, aliyekuwa amezungumza na Mungu, hakumdharau. Alisikiliza, akabadilisha namna ya kazi. Rehoboamu, katika 1 Wafalme 12, aliyaacha mashauri ya wazee akafuata vijana waliokua pamoja naye, na ufalme ukagawanyika. Anayekusifu kila mara si lazima awe mshauri wako.

Basi tumchague nani? Kwanza, mtu anayeijua kazi yenyewe. Anayejua kakao huenda hajui nguo. Pili, mtu asiye na faida katika uamuzi wako. Anayetaka kukukopesha, au kukuuzia bidhaa, hawezi kuwa mshauri wako pekee. Tatu, mtu anayetunza siri. Nne, mtu aliyewahi kupata hasara na kusema ukweli juu yake. Nasi watumishi tukumbuke mipaka yetu: kuombea biashara ni kazi yetu, lakini kumwambia mtu "Kopa, Mungu ataonyesha njia" bila kuona daftari lake ni kumtia hatarini.

Usimwendee mshauri mikono mitupu. Mpelekee daftari. Nchi yetu iliingia OHADA mwaka 2012, na sheria yake inamtaka hata mjasiriamali mdogo aandike siku kwa siku pesa zinazoingia na zinazotoka. Andika pia unachochukua kwa ajili ya nyumba. Kisha uliza swali moja lililo wazi: "Niongeze mtaji au nipunguze matumizi?" Mkubaliane kuonana mara moja kwa mwezi, na uamuzi ubaki wako.

Siku hizi haja ni kubwa zaidi. Tangu Goma ilipoangukia mikononi mwa M23 Januari 2025, na utawala wa mkoa kuhamia Beni, njia nyingi za bidhaa zimebadilika. Ndugu waliokimbia kutoka kusini mwa Lubero wamefika kwetu na ujuzi wa kazi, lakini hawajui soko la hapa. Mtu kama huyo, akipewa dola 50 bila mshauri, anaweza kuzipoteza kwa mwezi mmoja. Akipewa mtu wa kumpeleka kwa wauzaji waaminifu na kumweleza desturi za soko, dola 50 hizo zinaweza kulisha watoto.

Tunaomba kila kanisa lifanye jambo dogo. Baada ya ibada, wazee waandike majina ya wafanyabiashara watano au sita wenye ushuhuda mzuri, wanaume kwa wanawake, walio tayari kutoa saa moja kwa mwezi. Vikundi vya likelemba na AVEC vilivyopo tayari viwe mahali pa kuwakutanisha na wanaoanza. Kwenu wakubwa wa biashara: mlionyeshwa njia na mtu fulani. Sasa ni zamu yenu. Na wewe ambaye deni linakunyima usingizi, usingoje hadi kibanda kifungwe. Chukua daftari lako wiki hii, ubishe hodi kwa mtu mmoja.