PALU ilisema nini, na ilipotawala ilifanya nini?

Mara nyingi tunabishana kama vyama vyetu vya mrengo wa kushoto viko kweli vya kushoto. Mimi nachukua PALU, sababu yenyewe ilipata nafasi ya kutawala.

Antoine Gizenga alianzisha chama hiki 1964 kwa njia ya Lumumba: mali ya inchi ifaidishe wananchi, na tusiamuriwe na wageni. Mu uchaguzi wa 2006 alikuwa wa tatu, na 13% hivi. Akaunga mkono Kabila kwa duru ya pili, kisha akawa Waziri Mkuu.

Tusimunyime haki yake: 2007 serikali yake iliweka tume ya kuchunguza upya mikataba 61 ya madini. Hapo maneno na kazi vilikutana.

2008 ukaja mkataba na Wachina, barabara na hospitali kwa shaba, dola miliari 9. Gizenga akajiuzulu mwaka ule, Muzito, naye wa PALU, akashika kiti. FMI ikaona deni hilo limezidi. 2009 mkataba ukashushwa mpaka miliari 6. Mwaka uliofuata tukasamehewa deni la zaidi ya miliari 12.

FMI naweza kuelewa, inchi ilikuwa imefungwa na madeni ya Mobutu. Shule ndiyo sielewi. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya serikali ni ya bure. Muzito alitoka 2012, na wazazi walikuwa wangali wanalipa walimu.