Quincunx: sarafu iliyogeuka shamba

Je, wajua kwamba inchi ya seremala na wakia ya sonara ni ndugu? Mama yao ni uncia, neno la Kilatini lenye maana ya sehemu moja katika kumi na mbili. Inchi ilitufikia na Waingereza. Wakia ilipitia kwa Wagiriki, kisha kwa Waarabu. Yupo ndugu wa tatu, ambaye hata Waingereza wengi hawamjui: quincunx.

Warumi walikuwa na sarafu ya shaba iitwayo as, yenye uncia 12. Tano kwa Kilatini ni quinque, basi uncia tano zikaitwa quincunx. Karne ya 3 KK baadhi ya miji ya Italia ilitoa sarafu ya thamani hiyo, yenye nukta tano. Jina likahamia kwenye mpangilio: nne pembeni, moja katikati, kama tano ya dadu au ya dhumna.

Wakulima ndio walioufaidi. Miti ikipandwa hivyo, kila upande utakaosimama utaona safu zimenyooka. Mwalimu wa ufasaha Quintilianus aliusifu uzuri huo, ila akaongeza jambo ambalo bwana shamba yeyote atalikubali: miti hugawana unyevu wa ardhi kwa usawa.

Jemadari wa Kirumi Julius Caesar naye aliutumia mpangilio huo, ila hakuwa na haja ya matunda. Mwaka 52 KK, alipouzingira mji wa Alesia katika Ufaransa ya leo, alichimbisha mashimo ya kina cha futi tatu, yanayozidi kuwa membamba kuelekea chini. Kila shimo lilisimikwa mti mnene kama paja, umechongwa ncha na kukaushwa kwa moto, ukichomoza juu ya ardhi vidole vinne tu. Juu yakatandazwa matawi na vichaka. Safu nane, kwa mtindo wa quincunx: anayeponea chupuchupu safu ya kwanza anakutana na shimo la safu ya pili mbele yake. Askari waliyaita mayungiyungi. Mzaha wa kijeshi huo!

Huko Uingereza, mwaka 1658 daktari Thomas Browne alichapisha kitabu kizima kuhusu umbo hilo, akiliona kwenye bustani za kale, mimea na kila alipotupa jicho. Waliobaki na hesabu ya asili ni wanajimu: kwao quincunx ni sayari mbili kupishana kwa nyuzi 150, yaani sehemu tano za duara lililogawanywa mara kumi na mbili.